Stepu ya kufanyia mazoezi ya video nyumbani: uchukue ipi

Dada, umeuliza kati ya ile stepu (kijukwaa cha kupanda na kushuka) fupi ya bei poa na ile ndefu ya jimu uchukue ipi, na kama kreti la soda linafaa. Kreti achana nalo kabisa, liko juu mno halafu likipinduka na wewe uko juu yake ni balaa.

Mi nakushauri ndefu kama sebule inaruhusu. Ile ya jimu ina urefu wa kama mita moja na ushee, na video nyingi mwalimu anavuka upande wa pili au anapita juu kwa juu, sasa ukiwa na ya sentimita 70 mguu unatua pembeni kabisa na unaanza kuangalia chini badala ya kufuata hatua.

Ya kwangu ya kwanza nilinunua ndogo, nyepesi, chini haina mipira, siku ya tatu ikateleza kwenye tailizi nikaangukia goti, wiki nzima nachechemea. Kwa hiyo ukifika dukani igeuze uangalie miguu yake ina mpira mzito, ipande katikati urukeruke kidogo, ikibonyea iache hapo hapo, na uzito inaobeba uwe umeandikwa.

Kimo anza na sentimita 10, ukizoea ndo uongeze vile vipande vya kuinulia vinavyowekwa chini yake. Ukipanda goti likikunja kupita nyuzi 90 ujue umezidisha. Na vaa viatu vya raba tafadhali, usifanye na soksi.