Mwanangu aliponidai elfu thelathini na sita

Jumapili moja mwaka 2020, shule zikiwa bado zimefungwa, binti yangu aliweka simu mezani karibu na kikombe changu cha chai. "Mama, hebu ona." Alikuwa na miaka 11. Kwenye kioo kulikuwa na jedwali lake la posho, tarehe zimepangwa kwenda chini, na pembeni visanduku tisa vitupu alivyovipaka rangi nyekundu. Wiki tisa, kila wiki 4,000. "Jumla 36,000," akasema kwa adabu kabisa, kama mweka hazina wa chama anayejua kwamba mwanachama hana pa kutokea.

(Nasema posho, na majirani zangu wasinicheke. Najua kwamba hapa Uganda ukisema posho mtu anatafuta sahani, maana kwetu ugali ndio posho. Mimi nazungumzia zile pesa ndogo za mtoto za kila wiki.)

Jedwali lile nililianzisha mwenyewe mwezi Machi, nikijisifu kwamba nawafundisha watoto nidhamu ya pesa. Mimi nauza mitumba Busia, na mpaka ulipofungwa kwa watu wa kawaida, wateja wangu wa upande wa Kenya wakapotea. Posho ikawa kitu cha kwanza kukatwa. Sababu ilikuwepo, lakini sikuwaambia. Nilinyamaza nikidhani watoto watasahau. Ningekuwa nawapa mkononi wangesahau kweli. Jedwali halisahau. Babu yangu alikuwa na duka, na ukutani alibandika maneno haya: mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuwahi kufikiri daftari litakuja kunishika mimi.

Tulikaa chini tukaelewana. Deni ningelilipa kwa awamu sita za 6,000, na posho mpya ingekuwa 2,000. Binti hakufurahia ile 2,000, ila aliielewa kwa sababu nilimfungulia hesabu za kibanda changu akaona mauzo ya wiki ile. Kwa hiyo kabla hujapakua programu yoyote ya posho za watoto, jiulize ni kiasi gani unaweza kulipa kila wiki hata biashara ikilala. Elfu moja inayofika kila Jumamosi inafundisha kuliko elfu tano inayofika ukikumbuka.

Kuhusu programu zenyewe, mengi unayoyasoma mtandaoni hayatuhusu. GoHenry ya Uingereza na Greenlight ya Marekani zimefungamana na kadi za benki za huko. Huwezi kuzijaza shilingi zetu. Nilipoteza bando la jioni nzima kugundua hilo. Tunachotumia sisi ni Google Sheets, programu ya kutengenezea majedwali, bure, kwenye simu ya kawaida. Kila mtoto ana faili lake lenye safu tano: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kwa nini, na salio. Anayeandika ni mtoto. Mimi naona tu.

Hiyo safu ya "kwa nini" ndiyo mwalimu. Mwezi mmoja kaka yake mdogo alipata 8,000, na 6,500 kati yake zilikuwa na neno moja: chapati, chapati, chapati. Sikumwambia kitu. Aliisoma orodha kimya, kisha akaniuliza kilo ya unga ni shilingi ngapi. Tangu siku hiyo anapika mwenyewe, za umbo la ramani ya Afrika, na dada yake anazinunua.

Jambo lililowachanganya zaidi lilikuwa pesa za ndani ya simu. Nina laini ya pili, imesajiliwa kwa jina langu, ambayo tuliiweka iwe ya akiba yao. Mwanzoni nilikuwa natuma posho yote humo. Kosa. Kwa mtoto wa miaka minane, namba kwenye kioo si pesa. Ni alama kama zile za kwenye gemu. Halafu alipotaka kutoa 2,000 kwa wakala, akaona imekatwa zaidi ya alichotoa, akalia kwamba ameibiwa. Nikamwonyesha ule ujumbe wa simu: kuna ada ya kampuni ya simu, na kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwa kila unachotoa. Katika 10,000 kodi ni shilingi 50, na ada ya kampuni inaizidi mbali. Dada yake akakaa na orodha ya ada akagundua kwamba anayetoa kidogokidogo ndiye anayekamuliwa. Tukakubaliana: posho ya wiki ni sarafu na noti, zikae kwenye kopo, akiba ndiyo inakwenda kwenye simu, na inatolewa mara moja kwa muhula. Makato nayo yana safu yake. Nadhani hapo walijifunza kuliko mahubiri yangu yote.

Namba ya siri ninayo mimi, na hapa silegezi kamba. Siku moja ilikuja simu, sauti ya upole: "Nimekutumia pesa kimakosa, mwanangu, nirudishie." Kijana wangu alikuwa ameshaanza kubonyeza. Ujumbe wa pesa kuingia ulikuwepo, ila ulitoka kwenye namba ya mtu, na salio halikuwa limeongezeka hata shilingi. Sasa sheria ya nyumbani ni kutazama salio kwanza, kisha kumwita mama. Sababu nyingine ni kubeti. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25, lakini hapa mtaani vijana wadogo wanabeti kwa laini za kaka zao, nami sitaki laini yangu iwe mlango.

Kitu kingine: msitegemee mtandao peke yake. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, sikuwa nimeweka mafaili yafunguke bila mtandao. Tulirudi kwenye daftari la kurasa 96 na kalamu. Watoto walizoea haraka kuliko mimi, na daftari lile bado tunalo, maana simu hupotea pia.

Sisi wa mpakani tuna bahati moja ambayo wazazi wa Kampala hawana. Mjomba wao anaishi ng'ambo, na akija huwaachia noti za Kenya. Shilingi moja ya Kenya huzunguka 27 au 28 za kwetu, kwa hiyo mia moja ya mjomba si mia. Kijana aliweka safu ya bei ya kubadilisha, na jedwali linazidisha lenyewe. Kisha akaenda kwa wabadilishaji watatu akawauliza mmoja mmoja kabla ya kutoa noti mfukoni. Yule wa tatu alimwita mzee.

Binti sasa yuko bweni, na simu haziruhusiwi shuleni. Posho ya muhula anaigawa kwa wiki kabla hajaondoka, anaandika kwenye karatasi ndogo anayoificha ndani ya kitabu cha hesabu, na likizo tunaihamishia kwenye simu. Muhula wa kwanza alimaliza zote wiki ya tano. Siku ya kutembelewa aliniomba za kuongeza, nikamnyima. Roho iliniuma, na nilirudi nyumbani nikijiona mama wa kambo. Muhula uliofuata alirudi na 3,500.

Kazi za nyumbani silipii, hata jirani aliponiambia watu wa mjini wanalipa. Vyombo huoshwa kwa sababu tumekula. Kunisaidia kibandani Jumamosi, hiyo ni kazi ya biashara na ina malipo yake.

Juzi nilimkopa kijana 20,000 nikanunulie bunda la sweta, safari hii kwa kumwomba na kuandikiana. Jana nikaona ameongeza safu nyingine, na juu yake ameandika "riba". Nimemwambia tutazungumza nikirudi kutoka sokoni.