Dagaa kwanza, sokwe baadaye: kumfundisha mtoto kusoma kwa wanyama wa kwao

Mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi unayekaa na mtoto wako jioni na daftari: ukitaka kufundisha kusoma kwa kutumia wanyama, usianze na mnyama anayependeza. Anza na yule ambaye jina lake linasomeka. Nafundisha madarasa ya chini hapa Kigoma, na mabango ninayoyakuta kwenye kuta za madarasa ni yaleyale: tembo, twiga, simba, sokwe. Watoto wanayapenda, na mimi nayapenda. Ila tembo na simba wana mb, twiga ana tw, sokwe ana kw. Mtoto ambaye ndiyo kwanza ameunganisha b na a akapata ba, maneno hayo atayakariri tu. Atayataja vizuri mbele ya mgeni, halafu umfutie picha uone kama atasoma hata moja.

Sasa mtazame dagaa. Da-ga-a. Kuku, bata, paka, popo, fisi, kiboko, samaki. Kila silabi ni nyepesi, na Kiswahili hakina hila hapo: ka ni ka popote utakapoikuta. Mtoto akishika irabu 5 pamoja na m, k, n, l, d na g, tayari anasoma sentensi nzima:

Mama, kuku anakula dagaa!

Naipenda sana sentensi hii. Anayekaa karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, Kibirizi kwa mfano, ameona dagaa wakianikwa juani, na anajua kwamba lazima awepo mtu wa kufukuza kuku. Kwa hiyo wakimaliza kuisoma hawanyamazi. Kuku wa nani? Nani aliachiwa dagaa akaenda kucheza? Mama atasemaje? Ukisikia maswali hayo, ujue wamesoma. Mtoto anayetamka silabi zote sawasawa halafu akakutazama bila swali, bado hajafika, hata kama hajakosea herufi.

Kuna mtego mmoja kwenye picha ambao watu wa ziwani tunaujua vizuri. Nilibandika picha ya samaki, chini yake neno "samaki", nikanyoosha kidole kwenye neno. Mtoto mmoja akajibu haraka, "Kuhe!" Jirani yake akampinga: "Siyo, huyo mgebuka, si unaona alivyo mwembamba?" Wote wawili walikuwa wanasoma picha. Na walikuwa na haki, maana mtoto wa mvuvi ukimwambia "samaki" tu ni kama hujamwambia kitu. Tangu hapo neno linatangulia. Naliandika, naifunika picha kwa daftari, wanasoma, ndipo nafunua wahakikishe. Picha iwe jibu, isiwe swali.

Silabi nyepesi zikishakaa, panda kidogo kidogo. Mgebuka ni daraja zuri, kwa sababu m inasimama peke yake. Wapigishe makofi: m, ge, bu, ka, makofi manne. Wengi watataka kusema "mu", waache wasikilizane mpaka wenyewe wasahihishane. Kisha waje mbuzi, mamba na bundi, chura na chatu, nyoka na nyani. Ng'ombe namchelewesha kwa makusudi, hicho kialama cha juu kinahitaji siku yake. Vifaa si kazi: silabi ziandike kwenye vizibo vya soda au vipande vya boksi, watoto wapange na kupangua. Darasa likijaa, toka nje. Mchanga na kijiti vinatosha.

Jambo jingine. Watoto wetu wengi wanakuja shuleni na Kiha cha nyumbani. Kabla ya kusoma habari za mnyama, waache wamzungumzie kwanza kwa Kiha: anakula nini, analala wapi, bibi alisema nini juu yake. Halafu mnahamia kwenye Kiswahili, na maneno ya somo yanawakuta tayari wana picha yake kichwani. Anayewakataza Kiha dakika hizo anawanyamazisha wale wenye mengi ya kusema.

Sokwe mngojeeni darasa la pili, na akija mpeni habari ya kutosha. Gombe, hifadhi ya taifa wanamoishi sokwe, iko mkoani kwetu lakini hakuna barabara ya gari, inafikika kwa boti, na watoto wengi hawajawahi kufika. Mimi huwaandikia hivi: "Sokwe anachomeka kijiti kwenye kichuguu. Mchwa wanauma kijiti. Sokwe anakitoa, anawala." Mtoto anayejua utamu wa kumbikumbi hahitaji kushawishiwa kuisoma. Ndipo nawaeleza kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960, akaliona jambo hilo mwaka huohuo, na dunia ikashangaa kwamba mnyama anatengeneza kifaa. Waulize pia sokwe analala wapi. Watasema juu ya mti, basi wasome kwamba kila jioni anajitandikia matawi upya. Atakayeuliza mkia wake uko wapi, mpe nafasi aeleze darasa tofauti ya sokwe na nyani.

Kuhusu mazingira, nakuomba usiishie kwenye "Tusikate miti ovyo". Watoto wanaimba maneno hayo bila kutazama ubao. Andika chanzo na matokeo, sentensi fupifupi: miti ya mlimani imekatwa, mvua imenyesha, udongo umeteremka ziwani, umefunika mawe ambayo samaki wadogo hula ukoga wake. Mlima wanauona kutoka uwanja wa shule. Kadhalika kufungwa kwa ziwa: Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Waliolikumbuka walilikumbuka kwa mboga iliyobadilika nyumbani, na humo muna aya nzuri ya kusoma na kuandika.

Mzazi ambaye hukubahatika kusoma, usijitoe. Mkipita mwaloni, mwambie mtoto akusomee majina yaliyoandikwa kwenye mitumbwi, akuonyeshe kwa kidole anapoanzia na anapoishia. Akikwama, msubiri. Akirukia kubahatisha, mwambie arudi silabi ya kwanza.