Salio la benki si akiba

Kijana wetu mmoja aliyeingia udiwani alinikuta kwenye kahawa, Ngamiani. "Shikamoo mzee wangu. Hivi jiji kama Tanga liweke akiba kiasi gani?"

Nikamwambia akae kwanza, maana swali hilo lilishanitoa jasho.

Masika moja, katika halmashauri niliyokuwa mhasibu, mvua ilizoa kalvati la njia ya sokoni. Mkubwa wangu akauliza benki kuna ngapi. Nikamjumlishia akaunti zote: milioni mia nne na ushee. Akafurahi, akaanza kumtafuta mkandarasi. Nikachukua penseli nikawa nakata. Asilimia 10 ya makusanyo yetu, inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: si yetu. Fedha za madarasa kutoka Serikali Kuu: si zetu. Amana za wazabuni, za kurudishiwa wenyewe. Hati za malipo ya watu waliokwisha kufanya kazi, wanapiga simu kila asubuhi. Nilipofika chini ya karatasi ilibaki milioni 11. Kalvati likakaa miezi mitano, akina mama wa ndizi wakiwalipa vijana mia mbili mia mbili kuvushiwa mikungu juu ya magogo.

Kwa hiyo diwani, kata kwanza. Kinachobaki ndicho akiba.

Kiasi sasa. Marekani na Canada, chama cha maofisa fedha wa serikali, GFOA, hushauri akiba isipungue miezi miwili ya mapato au matumizi ya kawaida. Usilibebe hivyo hivyo. Miji mingi ya kule hulipa yenyewe polisi na zimamoto wake. Kwetu mishahara ya walimu na wauguzi hutoka Hazina. Ukipiga hesabu kwa bajeti nzima utapata mlima, baraza litakucheka. Piga kwa yale tu yanayobebwa na mapato ya ndani, yaani tunayokusanya wenyewe: mafuta ya magari ya taka, vibarua, matengenezo, posho za vikao (hizo nazo hazisahauliki kamwe).

Halafu tazama mnamtegemea nani. Wazee wa hapa wanakumbuka mkonge: bei ilipoporomoka miaka ya 1960 kwa sababu ya ushindani wa nyuzi za kutengenezwa viwandani, mji mzima ulikohoa. Leo tuna bandari, saruji, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaloishia Chongoleani. Ujenzi ukiisha, wakandarasi wanaondoka na ushuru wao. Fedha ya msimu namna hiyo msiajirie mtu. Itupeni kwenye akiba.

Mimi ningeanza na mwezi mmoja, nipande taratibu hadi mitatu. Zaidi ya hapo siungi mkono. Wanasema akiba haiozi, lakini ya halmashauri huoza: bei zinapanda, mtaa uko gizani, na ikikaribia Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, kila idara inaikodolea macho.

"Na tukiitumia?" akauliza.

Muhtasari uleule wa kikao unaoruhusu kuitoa useme itarudishwa kwa chanzo gani, na lini. Aliandika hayo nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi, kisha akataka kujua kama kalvati lile lilijengwa.

Lilijengwa. Kwa fedha za mwaka uliofuata, zilizokuwa zimetengwa kwa choo cha soko.