Uliza nguo imeshonwa wapi kabla hujauliza habari za mazingira

Kwa wadogo zangu mnaoanzisha chapa za nguo, na kwa wateja ambao siku hizi mnatuuliza maswali mazito: swali la kwanza liwe la mahali. Nguo hii imeshonwa wapi, imeshonwa na nani, na huyo aliyeshona amelipwa kiasi gani? Muuzaji akijibu hayo, endeleeni kuulizana kuhusu maji, kemikali na taka. Akishindwa, mengine yote anayosema kuhusu kutunza mazingira hayana pa kusimamia. Mtu hawezi kutunza mto ulio jirani na kiwanda asichokijua kilipo.

Nasema haya nikiwa naendesha karakana ya ushonaji Dar es Salaam. Tunashona sare za shule na za hoteli, mashati, na magauni ya vitenge msimu wa harusi ukifika. Vitambaa nanunua Kariakoo kama wenzangu wengi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu mdogo kwenye biashara hii, lakini somo lenyewe nimelipata kwa wakubwa.

Jengo la Rana Plaza lilikuwa Savar, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Lilikuwa la ghorofa nane: chini benki na maduka, juu viwanda vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana na watu wakatolewa nje. Kesho yake benki haikufunguliwa, maduka hayakufunguliwa, ila washonaji waliamriwa warudi kwenye mashine, wengine kwa kutishiwa kwamba mshahara utakatwa. Asubuhi ile ile jengo likaporomoka. Walikufa watu 1,134 na zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Kampuni za nje zilipoulizwa kama nguo zao zilikuwa zikishonwa humo, baadhi zilikana, nyingine zikasema bado zinachunguza. Ikabidi watetezi wa wafanyakazi waingie kwenye kifusi kutafuta lebo. Fikirini hilo: kampuni yenye wanasheria, wahasibu na kompyuta inashindwa kusema oda yake iko kwenye jengo gani, mpaka kipande cha utepe kinachoshonwa kwenye kola kitolewe chini ya zege ndipo ukweli ujulikane.

Wengine hawakuwa wanadanganya. Hawakujua kweli, kwa sababu biashara ilipangwa wasijue. Kampuni inampa oda wakala, wakala anampa mwenye kiwanda, kiwanda kimejaa kazi na tarehe imekaribia, basi mwenye kiwanda anampasia mwingine nusu ya mzigo bila kumwambia mtu. Sisi pia tunalijua hilo. Desemba ikifika na oda za sare zimerundikana, fundi aliyechukua mashati mia tatu anagawa mia kwa jirani yake, naye jirani anagawa hamsini kwa binti anayeshona nyumbani usiku. Shati linafika shuleni bila mtu kujua ni nani aliyelala saa tisa ili likamilike.

Na msidhani cheti peke yake kinatibu hali hii. Miezi saba kabla ya Rana Plaza, Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua zaidi ya watu 250. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Wiki chache tu nyuma kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000, ambacho kinahusu haki na usalama wa wafanyakazi. Wakaguzi walilipwa kukagua, karatasi ikatoka, na dirisha likabaki na nondo.

Kilichosaidia Bangladesh ni kitu cha aina nyingine. Mei 2013 kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi walisaini mkataba wa usalama wa majengo ya viwanda, unaojulikana kama Accord, na baadaye kampuni zilizosaini zikapita 200. Mkataba ule ulikuwa na nguvu ya kisheria. Ripoti za ukaguzi ziliwekwa hadharani kwa jina la kiwanda, kasoro kwa kasoro, pamoja na tarehe ya kurekebisha. Kiwanda kikikaidi, kampuni ilitakiwa kuacha kununua hapo. Kampuni nayo ikikaidi, vyama vingeweza kuipeleka kwenye usuluhishi. Tangu nilipoelewa mkataba ule, nikisikia mtu anasema chapa yake inawajibika, nauliza kimoyomoyo: inawajibika kwa nani, na huyo anaweza kuifanya nini?

Watu watawaambia kwamba orodha ya viwanda ni siri ya biashara. Nike walisema hivyo miaka mingi, halafu mwaka 2005 wakachapisha majina na anwani za viwanda mamia. Biashara haikufa.

Sasa nije kwenye karakana. Tunatumia daftari kubwa la kaunta. Kila oda ina ukurasa wake: duka tulilonunua kitambaa, namba ya jora, mita, nani alikata, nani alishona, nani aliweka vifungo na matundu, malipo kwa kila kipande, na saa za kuanza na kumaliza siku ambazo watu walikaa mpaka usiku. Namba ya oda inaandikwa kwenye lebo ndogo ndani ya nguo kwa kalamu isiyofutika. Basi. Hakuna programu wala mtaalamu.

Faida yake tuliiona waziwazi wakati sketi za shule fulani zilipochuja rangi kwenye maji ya kwanza na kuharibu mashati meupe ya watoto. Mkuu wa shule alikuja na sketi moja mkononi, amekasirika kwa haki. Tukasoma namba, tukafungua ukurasa, tukaona sketi zote zilizochuja zimetoka kwenye jora moja, na risiti yake ikiwa imebanwa hapo hapo. Tulienda na mabaki ya kitambaa dukani, tukayalowesha kwenye bakuli la maji mbele ya mwenye duka. Maji yakawa ya bluu. Akatubadilishia jora, sisi tukashona upya, shule ikapata sketi zake. Bila ule ukurasa, lawama zingemwangukia fundi aliyeshona, ambaye hakuhusika kwa lolote.

Kuhusu kitambaa chenyewe nako lazima tuseme ukweli. Kariakoo ukiuliza kimetoka wapi utajibiwa "Uturuki" au "China", na ukiuliza ni cha nini utaambiwa "pamba tupu, dada". Muuzaji mara nyingi anarudia alichoambiwa na aliyemuuzia. Omba uone karatasi iliyobandikwa kwenye jora. Kisha chomoa nyuzi chache, za urefu na za upana, maana zinaweza kuwa tofauti. Zishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, uwashe kiberiti. Pamba inashika moto haraka na kuungua bila kuyeyuka, inanuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni mepesi, ukiyagusa yanasambaa. Poliesta inajikunja kukimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi isiyovunjika kwa vidole. Ukipata majivu na punje pamoja, ni mchanganyiko, kama tetroni. Hakuna ubaya kuuza mchanganyiko, sare inayofuliwa kila siku inauhitaji. Ubaya ni kuandika "pamba 100%" juu yake. Hapa Tanzania hilo linagusa pia sheria: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa.

Hoteli moja ilitupa kazi ya aproni na mashati ya wahudumu. Tulipokubaliana bei, afisa manunuzi akaniambia wageni wao wanapenda mambo ya mazingira, kwa hiyo niweke lebo ya "pamba ya kilimo hai", yaani iliyolimwa bila mbolea na dawa za kemikali.

"Kaka, karatasi ya kiwanda iko wapi?" nikamuuliza.

"Dada, wewe weka tu. Nani atakagua?"

Sikuweka. Nilimweleza utaratibu ulivyo, na nauandika hapa kwa sababu wengi hawaujui. Kwa kiwango cha GOTS, ambacho ndicho kinachotambulika zaidi kwa nguo za pamba ya kilimo hai, cheti hakibebwi na kitambaa peke yake. Mchambuaji pamba, msokotaji nyuzi, mfumaji, mtia rangi na mshonaji, kila mmoja anakaguliwa, na mzigo ukihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine unafuatana na hati yake. Hata ningenunua kitambaa chenye cheti, mimi nisiye na cheti siruhusiwi kubandika alama ile kwenye shati. Alama ya OEKO-TEX Standard 100 nayo inahusu kemikali zenye madhara zilizopimwa kwenye bidhaa. Haisemi lolote kuhusu mshahara wa mshonaji. Ukiona alama, tafuta kwanza inapima nini.

Inaniuma zaidi kwa sababu pamba ya kweli ya kilimo hai ipo nchini. Wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu, mradi wa bioRe umefanya kazi na wakulima tangu 1994. Maeneo mengi ya Kanda ya Ziwa yanalima pamba. Lakini sehemu kubwa huishia kuchambuliwa tu, nyuzi zinafungwa marobota na kwenda nje, halafu mimi nanunua kitambaa ambacho huenda pamba yake imevuka bahari mara mbili. Siwezi kumwambia mteja shati lake limetoka shamba gani, na simwambii. Kwenye lebo zetu tunaandika "Limeshonwa Dar es Salaam", kwa sababu hilo tunaweza kulithibitisha kwa daftari.

Kuweka jina kwenye nguo si jambo geni kwetu. Khanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza 1887, zinajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa kwenye kitambaa chenyewe. Bibi akinunua doti ikamchujia anajua pa kwenda.

Kuhusu mitumba nitasema machache. Kuvaa nguo iliyokwisha kutengenezwa ni kuipa maisha marefu, nami sina ugomvi na wanaofungua marobota alfajiri kwenye masoko ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Ugomvi wangu uko kwa anayefunga robota. Mfanyabiashara wetu analilipia bila kuona ndani, na akikuta nguo zilizochanika na zenye madoa hasara ni yake, taka ni ya manispaa yake. Ufaransa tangu 2007 imewatwisha wauza nguo jukumu la kuchangia gharama za kukusanya na kuchambua nguo zilizochakaa. Robota likishavuka bahari, mchango huo unapaswa ulifuate hadi kwenye dampo linakoishia, na serikali zetu zinapaswa kuudai.

Mwisho ni fedha, na hapa wateja mnisikilize vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Mteja anayesaini oda leo, akabadilisha saizi baada ya kitambaa kukatwa, na bado akataka mzigo kwa tarehe ile ile na bei ile ile, anakuwa ameshaamua kwamba kuna fundi atakesha bila malipo. Si lazima awe na roho mbaya. Kampuni kubwa hufanya hivyo hivyo kwa viwanda vya Dhaka kila msimu, kisha hutuma wakaguzi kuuliza kwa nini watu wanafanya kazi usiku.

Kwa hiyo kwenye mikataba yetu ya sare tumeweka kifungu: nusu ya fedha inalipwa kabla ya kukata, na mteja akibadilisha idadi au saizi baada ya hapo, achague kati ya kusogeza tarehe na kulipa saa za ziada, ambazo zinaandikwa kwenye bili kwa kiwango cha kisheria. Oda haigawiwi nje ya karakana bila mteja kujua jina la anayegawiwa. Wapo waliokataa kusaini, wakaenda kwingine. Shule moja iliyokataa mwanzo ilirudi mwaka uliofuata, na mhasibu wao akaomba kitu ambacho sikukitegemea: nakala ya ukurasa wa daftari, iambatane na kila mzigo.