Salfa yangu ilikuwa nyingi, ila ilichelewa

Juzi dada mmoja wa Nachingwea, mkulima wa korosho kama mimi, kaniandikia kuhusu salfa, ule unga wa kiberiti tunaopulizia mikorosho kuzuia ukungu: "Kaka, nimepuliza salfa mara tatu na maua yamekauka vilevile. Au wametuuzia feki?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikatikia. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, tena kwa kufoka.

Mwaka 2019, huku Tandahimba, nilijiona mkulima kweli. Mikorosho sitini, urithi wa marehemu baba. Mwezi wa saba nikaona maua yana unga mweupe, utadhani mtu kayapitia na unga wa muhogo. Nikasema ni vumbi la barabarani. Nikaenda msibani Lindi, nikakaa siku kumi. Narudi, maua yamesinyaa hayajafunguka. Nikamwaga salfa kama ya bure, mpaka mbuzi wa jirani wakapiga chafya. Nilivuna magunia mawili. Shemeji, ambaye shamba lake linapakana na langu, hadi leo ananiita Bwana Salfa, hata harusini.

Bwana shamba alipokuja hakunihubiria. Alivuta tawi moja tu akanionyesha. Majani makongwe yalikuwa magumu, yanang'aa, safi. Yale machanga ya nchani, mekundumekundu, yamejaa unga. Unga huo ndio ugonjwa wa ubwiriunga, nao ni ukungu; unasafiri kwa upepo na wala hausubiri mvua. Ukitua kwenye kilicho laini unapenyeza kijimzizi ndani ya ngozi na kunyonya. Jani likikomaa ngozi yake inakuwa nene, ukungu unagonga mwamba. Ua haliwahi kufika huko. Kwa hiyo salfa lazima iukute ukungu mlangoni. Ukishaingia na ua likishakufa, hakuna cha kufufua.

Dada yangu, duka tuliache kwanza, tuangalie tarehe. Anza maua yanapochomoza tu, robo kilo kwa mti, alfajiri umande ukiwepo na upepo umetulia, halafu rudia kila baada ya wiki mbili. Na kabla ya msimu kata maotea, yaani vichipukizi vya ndani ya mti, maana ukungu hujihifadhi humo. Wengi tunayaacha kwa uvivu, tusidanganyane. Ukipanda upya, chukua miche ya kubebesha (iliyounganishwa) ya Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara. Ipo inayovumilia kuliko mikorosho ya babu.

Narudia: mapema. Mapema!

Mwaka jana niliingia shambani saa kumi na moja alfajiri, tochi kichwani. Mwezi wa nane shemeji akaja kuazima mashine ya kupulizia. Nilimpa. Petroli nilimwambia anunue mwenyewe.