Medali za kujivika na cherehani kilichotoka Masaka

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullaah. Shekhe, sisi ni wa Mkoa wa Kagera. Barazani kulizuka ubishi juu ya Idi Amin. Mmoja alisema alipigana Burma kwenye vita vya pili vya dunia, mwingine akasema ni uongo mtupu. Mzee mmoja akatunyamazisha: "Ni Muislamu na ni maiti, mnamla nyama." Je, hiyo ni ghiba, yaani kusengenya? La pili, marehemu baba alikwenda Uganda na jeshi mwaka 1979, akarudi na cherehani cha mkono kutoka Masaka. Alishonea miaka mingi, na bado kipo. Tunataka kugawa mirathi. Nacho kinaingia?

JIBU: Waalaykumus-salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Alhamdulillaah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad. Ama baad.

Mzee wenu ana asili ya kushika. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwatukana maiti, akasema wameshayafikia waliyoyatanguliza, Bukhari ameipokea kwa Bi Aisha (r.a.). Kwa hiyo kumtukana Amin, kumuigiza anavyozungumza ili watu wacheke, au kukata kauli kwamba yuko motoni, acheni. Lakini kueleza ukweli wa utumishi wake ni jambo jingine. Imam Nawawi ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, na mojawapo ni kuwatahadharisha watu. Fatima binti Qays alipochumbiwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume kutaka shauri. Hakuambiwa awasitiri. Aliambiwa kwamba Muawiya ni fukara asiye na mali, na Abu Jahm fimbo haitui begani mwake, yaani hupiga wake. Hayo yalisemwa kwa ajili ya ndoa ya mwanamke mmoja, sembuse mtu aliyeshika jeshi na hazina ya nchi nzima.

Sasa hilo la Burma. Amin aliingia King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza Afrika Mashariki, mwaka 1946, akiwa msaidizi wa mpishi. Japani ilisalimu amri Agosti 1945. Hakuna hesabu itakayomfikisha vitani Burma, hata kama baadaye alidai hivyo mwenyewe. Aliyoyafanya kweli yanajulikana: alipelekwa Somalia 1949, akawa Kenya wakati wa Mau Mau, akawa efendi, cheo cha juu cha askari Mwafrika katika jeshi hilo, 1959 na luteni 1961, na kwa miaka mingi alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda. Hayo ni yake, msimnyang'anye. Kasoro iko kwenye nyongeza. Baada ya kupindua serikali Januari 1971 alijitunuku medali, mojawapo akiiita Victorious Cross, kwa mfano wa Victoria Cross, nishani ya juu ya ushujaa ya Waingereza.

Kuhusu nyongeza ya namna hii tuna hadithi ya Bukhari na Muslim kwa Asma binti Abi Bakr. Mwanamke aliuliza: nina mke mwenza, je, kuna ubaya nikijionyesha kwamba mume amenipa kitu ambacho hakunipa? Mtume akasema: "Mwenye kujishibisha kwa asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo." Mbili, wamesema baadhi ya wanazuoni, yaani ya juu na ya chini: amefunikwa na uongo mwili mzima. Ikiwa hayo ni ya wake wenza, fikirini mtu anayetaka kutiiwa na wanajeshi kwa vita asivyopigana.

Ila tenganisheni lililothibiti na tuhuma. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alipeleka bungeni hoja ya kutaka Amin achunguzwe kuhusu dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Hoja ilikuwapo, hilo ni kweli. Kusema "aliiba dhahabu kiasi kadhaa" ni hatua nyingine, na hiyo inataka ushahidi. Hata kwa mgombea wa leo anayejisifu kwa vita, mwendo ni huo huo wa Suratul Hujurat aya ya 6, kuhakikisha kwanza: tarehe ya kuandikishwa, kikosi, tarehe ya kuachishwa, kisha mzilinganishe na tarehe za vita anavyovitaja. Uongo mwingi wa namna hii hukamatwa na kalenda tu.

Uislamu wa Amin haubadilishi kitu. Abubakar Siddiq (r.a.) alipolituma jeshi Shamu alimuusia Yazid bin Abi Sufyan, kama ilivyo kwenye Muwatta, kitabu cha Imam Malik: usiue mwanamke wala mtoto wala mzee, usikate mti wenye matunda, usibomoe panapoishi watu, usichinje kondoo wala ngamia ila kwa kula, usifanye khiyana katika ngawira, yaani mali inayotekwa vitani. Pimeni kwa wasia huo yaliyotendwa Kagera na jeshi la Amin kuanzia mwisho wa Oktoba 1978: raia waliouawa, ng'ombe waliovushwa mpaka kwa makundi, kiwanda cha sukari kilichoporwa. Wazee wenu wanayajua kuliko mimi.

Na mizani hiyo hiyo lazima ipime upande wetu, na hapa ndipo kinapoingia cherehani. Jeshi la Tanzania liliuteka mji wa Masaka Februari 1979, na majengo yakalipuliwa kulipiza ya Kagera. Suratul Maida aya ya 8 inakataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Fundi wa Masaka hakuchoma nyumba Kagera.

Wapo watakaowaambia ni ngawira. Si ngawira. Kwanza ni mali ya raia, na huenda mwenyewe ni Muislamu. Pili, hata ngawira halali haichukuliwi na askari kwa mkono wake. Kiongozi hutoa humusi, yaani sehemu moja kati ya tano, kisha huwagawia askari sehemu nne zilizobaki. Katika safari ya Khaybar mtumishi wa Mtume alipigwa mshale akafa, watu wakasema hongera, amepata pepo. Mtume akasema la, shuka aliyoichukua kabla ya mgao inamuwakia moto. Kusikia hivyo, mtu mmoja akaleta kamba ya kiatu, au mbili.

Kwa hiyo cherehani hakiingii kwenye mirathi. Ni mali ya watu iliyo mikononi mwenu. Mmesema kipo, basi kinarudi chenyewe, si thamani yake. Kama baba aliwahi kutaja mtaa, duka au jina, anzieni hapo. Ulizieni kwa maimamu wa Masaka na kwa wazee wa mtaa huo. Mwenyewe akiwa amefariki, ni cha warithi wake.

Kisha kuna kodi ya matumizi, na wengi huisahau. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyepora hudaiwa ujira wa kitu kwa muda wote kilipokuwa kwake. Muulizeni fundi mwaminifu cherehani kama hicho hukodishwa kwa kiasi gani kwa mwezi, mzidishe kwa miezi. Hilo ni deni la marehemu: linatoka kwenye alichoacha, baada ya gharama za mazishi, kabla ya wasia na kabla ya mgao. Mali isipotosha, warithi hawalazimiki kutoa mfukoni, ingawa mkimlipia ni wema mkubwa kwake. Aliyeendelea kukitumia baada ya kujua ana dhambi yake mwenyewe.

Mkitafuta mpaka mkakata tamaa, kiuzeni, na pamoja na kodi hiyo mtoe sadaka kwa niaba ya mwenyewe, si ya baba. Andikeni kiasi na tarehe. Akijitokeza baadaye, mpeni hiari: akubali thawabu, au mmlipe.

Kama kadirio linabaki na shaka, ongezeni. Khalid bin Walid (r.a.) alipowaua Banu Jadhima kimakosa, Mtume hakumsitiri, aliinua mikono akajitenga mbele ya Allah na alichokifanya Khalid. Wapokezi wa sira wanasema akamtuma Ali (r.a.) na mali, akalipa damu zote na vitu vyote, hata chombo anachonywea mbwa. Mali ikabaki, naye akawaachia yote, kwa tahadhari ya kile ambacho huenda hakikuhesabiwa.

Wallaahu a'lam.