Ukali, kununa na afya ya akili ya kijana: wazazi wanauliza

Mwanangu ana miaka 14. Nikimkazia atanyooka, au nitamharibu?

Inategemea ukali huo umeambatana na nini. Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alitenganisha malezi ya amri tupu, malezi ya kudekeza, na malezi yenye masharti ambamo mtoto pia anasikilizwa. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaongeza aina ya nne: mzazi asiyejishughulisha kabisa. Kwa jumla, tafiti zinaonyesha sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi ni kidogo pale penye masharti na usikivu. Kwa hiyo masharti yabaki. Mweleze sababu ya kila sharti, ataje naye maoni yake, na adhabu aijue kabla ya kosa. Akiisha kuadhibiwa, yaishe.

Akinikosea simpigi wala simtukani. Namnyamazia tu siku mbili. Kuna ubaya?

Upo, na unawapita wazazi wengi wema kwa sababu haufanani na ukatili. Kuna kudhibiti mwenendo: saa ya kurudi nyumbani, simu, kazi za shule. Na kuna kudhibiti moyo: kumnunia, kumsimanga kwa gharama za kumlea, kumlinganisha na nduguye, kumwambia "utaniua kwa presha". Hili la pili ndilo linaloandamana zaidi na sonona. Kijana anajifunza kuwa akikosea hapendwi tena, basi ama anajichukia, ama anaficha. Akificha, nawe unabaki gizani: utafiti wa Håkan Stattin na Margaret Kerr nchini Sweden, uliotolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba mengi wanayoyajua wazazi huyapata kwa kusimuliwa na vijana wenyewe, si kwa kuwachunguza.

Hasira ikikupanda, mwambie: "Nimekasirika, tutaongea saa mbili usiku." Saa ikifika, ongeeni kweli. Dakika kumi zinatosha. Taja kosa moja, msikilize bila kumkatiza, sema hatua utakayochukua. Ya mwaka jana usiyafukue.

Mimi namkataza, baba yake anamruhusu.

Kubalianeni faraghani masharti matatu au manne yasiyovunjwa, hasa ya usalama na usingizi (umri huu unahitaji saa 8 hadi 10). Mengine mnaweza kutofautiana.

Binti yangu ameambiwa ana sonona. Ni malezi yangu?

Malezi ni sababu moja kati ya nyingi. Kuna urithi, uonevu shuleni, msiba, usingizi haba. Tena kijana mwenye hasira za karibu humfanya mzazi naye awe mkali, kisha ukali ule unamzidishia hasira. Mzunguko huo anayeweza kuukata kwanza ni mtu mzima.

Anajifungia chumbani. Ni ujana tu?

Kutaka faragha ni kawaida. Shtuka ukiona mabadiliko ya karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: halali au analala mno, hali chakula vizuri, ameacha alivyovipenda, anakasirika ovyo. Kwa vijana sonona huweza kujitokeza kama hasira, si machozi tu. Mpeleke kwa daktari.

Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimhutubie wala usimwache peke yake. Ondoa dawa, sumu na vitu vyenye makali nyumbani, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.